Fairbairn, bingwa wa maboila aliyewahi kunyimwa kazi kwa kukosa karatasi

Na Mwandishi Wetu, Kigali

MASHINE ya kahawa ya mgahawa mmoja hapa Kimihurura ina kibati kidogo mgongoni. Kimechapwa jina la mtengenezaji, namba ya mashine, mwaka ilipotengenezwa, presha ya juu kabisa inayoruhusiwa, na herufi mbili: CE. Wateja wanaoingia mchana kutoka ofisi za jirani na Kigali Convention Centre huona povu la maziwa tu. Kibati hawakioni, wala hawafikirii kwamba ndani ya mashine ile kuna boila. Ni dogo, lakini ni boila, lenye maji ya moto na mvuke uliobanwa.

Aliyenionyesha kibati hicho ni mtu aliyekuja kunilalamikia habari za vibati. Ana karakana hapa Kigali. Anatengeneza mitambo ya kukamulia mafuta ya mimea, yaani pipa la kuwekea majani ya mkaratusi, boila la kutoa mvuke na koili ya kuupoza mvuke huo. Mteja wa Bukavu ameagiza mitambo miwili. Bei walikwisha kubaliana na malipo ya awali yamelipwa, ndipo ikaja barua. Mteja anataka hati ya kupimwa kwa presha, mchoro wa boila, aina na unene wa chuma kilichotumika, kijitabu cha matumizi kwa Kifaransa, na kibati.

Kwa maoni ya huyu bwana, huo ni usumbufu mtupu. Mitambo yake inafanya kazi na haijawahi kumuunguza mtu. Karatasi, anasema, ni ua ambao wakubwa wameujenga ili wadogo wasipite. Nusu ya maneno yake ni kweli, na nitaifikia. Ila nusu ya pili inajibiwa na maisha ya mtu aliyefariki mwaka 1874, ambaye ujanani alifungiwa mlango kwa sababu ya karatasi, na uzeeni akawa miongoni mwa walioifanya karatasi ya boila kuwa kitu cha lazima duniani. Jina lake William Fairbairn.

Mtoto wa mfanyakazi wa shamba

Fairbairn alizaliwa tarehe 19 Februari 1789 huko Kelso, Scotland. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mashambani, na shule ya mtoto ilikuwa ya kuokoteza. Akiwa kijana mdogo aliajiriwa kibarua kwenye ujenzi wa daraja la Kelso, daraja la mhandisi maarufu John Rennie. Baada ya siku chache tu jiwe lilimwangukia mguuni, akawa hawezi kazi kwa muda mrefu. Ajira yake ya kwanza ikaishia hapo.

Mwaka 1804, akiwa na miaka 15, alipelekwa kujifunza ufundi kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Percy Main, karibu na Newcastle. Alikaa miaka saba. Wenzake walimpiga na kumcheka, naye jioni akajifungia na vitabu. Alijipangia ratiba, kila jioni ya wiki na somo lake, na akaifuata kwa ukaidi. Hapo ndipo alipofahamiana na kijana mwingine maskini aliyekuwa akiendesha injini jirani, George Stephenson, yule ambaye baadaye alikuja kuwa baba wa reli. Inasimuliwa kwamba jioni nyingine Fairbairn alikuwa akimshikia Stephenson zamu ya injini, ili mwenzake akapakue mchanga wa meli na kujipatia shilingi mbili tatu za ziada.

Mkataba wake wa kujifunza ulikwisha mwaka 1811, naye akaenda London na rafiki yake mmoja. Huko walimwendea Rennie mwenyewe, naye akakubali kuwapa kazi. Lakini msimamizi wa kazi akawaambia kwamba hakuna fundi mitambo anayeshika nyundo London bila kuwa mwanachama wa chama cha mafundi. Wakaenda kwenye chama, wakasubiri wiki kadhaa, karatasi zao zikatazamwa, wakakataliwa. Hakuna aliyewauliza wanajua nini wala kuwapa chuma wakikate. Fedha zikawaishia, wakatoka mjini kwa miguu, na nje ya London wakapata kibarua cha muda kwenye kinu cha upepo.

Hapa, ndugu msomaji, ningependa tusimame kidogo. Malalamiko ya rafiki yangu wa Kimihurura ni haya haya ya mwaka 1811. Kuna karatasi inayouliza wewe ni nani na umetoka wapi. Karatasi ya namna hiyo ni ua kweli kweli, na Fairbairn hakuisahau hadi anaandika habari za maisha yake. Kuna karatasi nyingine inayouliza boila hili linahimili presha gani. Wafanyabiashara wetu huzichanganya hizi mbili, na wakati mwingine hata maofisa mipakani huzichanganya.

London ilimfunza mambo mengine pia. Alimtengenezea muuza nyama ya nguruwe mashine ya kukatia nyama ya soseji kwa pauni 33, fedha nzuri wakati ule. Kabla ya hapo alikuwa amepoteza akiba yake yote kwenye mashine ya kulima kwa mvuke, wazo la mtu mwingine ambalo halikulipa. Akavuka kwenda Dublin kutengeneza mitambo ya misumari, na mwishoni mwa mwaka 1813 akafika Manchester. Hakuhama tena.

Karakana ya kupanga

Mwaka 1817 alianzisha karakana na mwenzake James Lillie. Walipanga banda kwa shilingi 12 kwa wiki, wakajitengenezea mashine ya kukereza, na wakamwajiri mtu mmoja mwenye nguvu wa kuizungusha kwa mikono, kwa kuwa injini hawakuwa nayo. Wenye karakana za Gikondo na Gisozi wataielewa picha hiyo bila maelezo zaidi.

Kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa kiwanda cha pamba cha akina Murray, kisha kile cha McConnel na Kennedy. Siku zile nguvu ya injini ilisambazwa kiwandani kwa mihimili mizito iliyozunguka polepole. Fairbairn na Lillie waliweka mihimili myembamba ya chuma cha kufua inayozunguka kwa kasi, na gharama ya kuendesha kiwanda ikashuka. Habari zikaenea, na kabla ya miaka kumi kwisha jina lao lilikuwa limevuka bahari. Mwaka 1824 Fairbairn alikwenda Zurich, Uswisi, kushughulikia magurudumu ya maji ya kiwanda cha Escher.

Kuuza mashine nje hakukuwa jambo jepesi wakati huo, na kikwazo kikubwa kilikuwa nyumbani. Sheria za Uingereza zilikataza kusafirisha nje mashine nyingi, hasa za kusokota na kufuma, kwa hofu kwamba wageni wangejifunza na kuwa washindani. Mafundi nao walikatazwa kuhamia nje mpaka mwaka 1824. Marufuku ya mashine iliondolewa kabisa mwaka 1843. Leo tunalalamika kwamba nchi ya mnunuzi inaikagua mashine yetu. Babu zao walizuiwa na nchi ya muuzaji hata kuipakia.

Lillie na Fairbairn waliachana mwaka 1832. Fairbairn akabaki na karakana, akaingia kwenye meli za chuma. Moja, iliyoitwa Minerva, ilikuwa ya ziwa la Zurich. Ilivuka bahari, ikapanda mto Rhine mpaka ilipoweza kufika, ikafunguliwa vipande, ikabebwa kwa nchi kavu na kuunganishwa tena kando ya ziwa, na mwaka 1835 ikaanza safari. Wasomaji wa Kigoma watatabasamu, kwa maana wanaijua hadithi hiyo kwa jina jingine. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwa ikatiwa kwenye maelfu ya makasha, ikashushwa Dar es Salaam na kupelekwa kwa treni hadi Ziwa Tanganyika, ambako ilishushwa majini mwaka 1915 ikiwa na jina la Graf von Götzen, Mjerumani aliyepita hapa Rwanda mwaka 1894.

Kwa ajili ya meli Fairbairn alifungua kiwanda kingine Millwall, London, mwaka 1835. Kilimtia hasara ya zaidi ya pauni 100,000 kabla hajakiuza mwishoni mwa miaka ya 1840. Kusimamia kiwanda kilicho mbali na macho yako ni tabu, na yeye alikuwa Manchester. Lakini mwaka 1839 alialikwa Istanbul kukagua viwanda vya serikali ya Uturuki, na safari hiyo ikamletea oda ya ajabu: kinu cha kusaga nafaka kilichokuwa jengo zima la chuma, ghorofa tatu, kuta na paa. Kilisimamishwa kwanza Uingereza kikatazamwa, kisha kikafunguliwa na kupelekwa Istanbul kwa meli.

Ukisimamisha mtambo nyumbani ukauona unafanya kazi kabla ya kuufunga kwenye makasha, tayari umefanya kile ambacho leo kinaitwa upimaji wa kiwandani. Fairbairn alifanya hivyo bila kulazimishwa na mtu. Mteja alikuwa mbali mno, na kosa lingegharimu safari ya miezi.

Boila linapopasuka

Sasa tuje kwenye maboila, maana hapa ndipo penye shina la habari hii.

Mwaka 1844 Fairbairn na John Hetherington walipata hataza ya boila lililokuja kujulikana kama boila la Lancashire. Ni pipa kubwa lililolazwa, lenye mirija miwili mipana inayopita ndani yake toka mbele hadi nyuma, na moto unawaka ndani ya mirija hiyo huku maji yakiizunguka. Mirija miwili inakuwezesha kuchochea moto mmoja wakati mwingine umetulia, kwa hiyo moshi unapungua. Boila hili lilienea dunia nzima na likaendelea kutumika viwandani hadi karne ya 20.

Tatizo ni kwamba wenye viwanda walitaka presha kubwa zaidi kila mwaka. Presha kubwa maana yake kazi nyingi kwa makaa yale yale. Waliotengeneza maboila walikuwa wengi, wengine wazuri na wengine wababaishaji, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Boila bovu na boila zima, ukiyapaka rangi nyeusi, yanafanana. Waendeshaji nao walikuwa na mchezo wa kutundika vitu vizito kwenye vali ya usalama ili isifunguke na kupoteza mvuke. Milipuko ikawa habari ya kawaida. Boila likipasuka lilibomoa ukuta na kuua waliokuwa karibu, na mara nyingi waliokufa hawakuwahi hata kuligusa.

Watu walikuwa na maelezo mengi. Wengine walisema ni gesi ya ajabu inayojitengeneza ndani, wengine umeme, wengine mapenzi ya Mungu. Fairbairn hakuyapokea. Alifikiri kwamba boila linapasuka kwa sababu ni dhaifu kuliko presha iliyomo, na kwamba udhaifu huo unaweza kupimwa kabla. Aliitwa mara kwa mara kutoa maelezo kwenye uchunguzi wa vifo, ukiwamo ule wa mlipuko wa Rochdale mwaka 1854, naye alifika na mahesabu: unene wa bati, upana wa pipa, mstari wa ribiti, vali.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote katika maisha yake, kuliko hata majaribio aliyoyafanya kwa ajili ya daraja la reli la Britannia, lililofunguliwa mwaka 1850 na ambalo ndilo husimuliwa zaidi. Watengenezaji wote waliamini kwamba mrija wa moto ulio ndani ya boila una nguvu ile ile uwe mfupi au mrefu. Mnamo 1857 na 1858 alichukua mirija ya urefu na upana tofauti, akaibana kwa maji kutoka nje mpaka ikabonyea, akaandika kila kipimo. Matokeo yalionyesha kwamba urefu ni hatari. Mrija wenye urefu mara mbili ulibonyea kwa takriban nusu ya presha. Kwa hiyo yale maboila marefu yaliyojaa viwandani, ambayo kila mtu aliyaona salama, yalikuwa na mirija dhaifu sana kuliko magamba yake ya nje.

Dawa yake ilikuwa rahisi: pete za chuma kuuzunguka mrija kila baada ya hatua fulani, ili mrija mmoja mrefu ufanye kazi kama mirija mifupi kadhaa. Alishauri pia kila boila liwe na vali mbili za usalama, na moja ifungiwe mahali ambapo mwendeshaji hawezi kuichezea.

Mkaguzi anabisha hodi

Lakini kujua ni jambo moja, na mwenye kiwanda kukubali ni jambo jingine. Mwaka 1854 Fairbairn pamoja na wenye viwanda wengine wa Manchester, akiwamo Joseph Whitworth, yule wa vipimo vya skrubu, waliunda chama cha kuzuia milipuko ya maboila. Mwanachama alilipa ada. Mkaguzi wa chama, asiye mtengenezaji wala mwajiriwa wa kiwanda, alikuja kwa vipindi kulitazama boila nje na ndani, akaandika ripoti ya hali yake na presha linayostahili. Ikawa karatasi inayosema habari za boila, haisemi habari za ukoo wa mwenye boila.

Kwa mtu aliyesoma uchumi, hesabu iliyomo hapa ni ya wazi. Muuzaji anakijua chuma chake, mnunuzi hakijui. Asiyejua hujilinda kwa njia mbili: ama anapunguza bei, ama anakwenda kununua kwa jina kubwa analolifahamu. Katika njia zote mbili fundi mzuri asiye na jina ndiye anayeumia. Ripoti ya mtu wa tatu inamwondoa kwenye shimo hilo. Ndiyo sababu nilimwambia rafiki yangu kwamba barua ya Bukavu, ukiisoma kwa utulivu, ina faida kwake kuliko kwa viwanda vikubwa. Wao wana majina tayari.

Chama hakikukosa dosari. Kilikuwa cha hiari, na Fairbairn alipendelea kibaki hivyo. Waliojiunga wakawa ndio waangalifu, na wenye maboila mabovu wakabaki nje wakiendelea kulipua. Kabla ya muongo huo kwisha ilizuka Manchester kampuni iliyouza bima ya maboila, na wengi wakaona heri kulipwa baada ya mlipuko kuliko kuhangaishwa na wakaguzi kabla yake. Chama kikalazimika nacho kutoa dhamana ili kisikimbiwe. Bunge lilipitisha sheria ya kuchunguza milipuko mwaka 1882, na ukaguzi wa lazima wa maboila ya viwandani, angalau mara moja kila miezi 14, ulikuja mwaka 1901. Kutoka 1854 hadi 1901 ni miaka 47. Hapo, kwa maoni yangu, mzee alikosea kuamini hiari kupita kiasi.

Hata hivyo, mbegu ilisambaa. Marekani, baada ya meli ya Sultana kulipuka maboila kwenye mto Mississippi mwaka 1865 na kuua watu zaidi ya 1,000, kampuni ya kukagua na kukatia bima maboila ilianzishwa Hartford mwaka 1866. Ujerumani, baada ya boila la kiwanda cha bia kulipuka Mannheim mwaka 1865, wenye maboila wa huko waliunda chama chao mwaka 1866 wakifuata mfano wa Waingereza. Kutokana na vyama vya namna hiyo vikazaliwa vile vinavyojulikana leo kama TÜV, ambavyo mihuri yake tunaiona kwenye mashine na vipuri vinavyoshushwa hapa kwetu. Mwaka 1905 boila la kiwanda cha viatu lililipuka Brockton, Massachusetts, likaua watu 58, na muongo mmoja baadaye Wamarekani wakawa na kanuni ya ASME ya maboila. Ukifuatilia karibu kila kifungu cha kanuni hizi utakuta chini yake kuna kaburi.

Kwetu sisi mambo hayo yalikuja na viwanda vya wakoloni, yakabaki katika sheria zetu. Sheria ya usalama na afya kazini ya Tanzania ya 2003, ya Uganda ya 2006 na ya Kenya ya 2007 zote ni warithi wa mawazo hayo. Rwanda ilianzisha shirika lake la viwango mwaka 2002, ambalo tangu 2013 linaitwa Rwanda Standards Board. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya viwango na upimaji ya mwaka 2006. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini anayeingiza mashine Bukavu anajua kwamba OCC, ofisi ya udhibiti ya Kongo iliyoundwa 1974, ina neno lake.

Na zile herufi CE za kwenye mashine ya kahawa? Wengi hudhani ni cheti cha serikali za Ulaya. Sivyo. Kwa mashine nyingi mtengenezaji mwenyewe ndiye anayepima, anaandika tamko la kwamba mashine inatimiza masharti, analitia sahihi, na anahifadhi jalada la michoro na mahesabu kwa miaka 10. Kwa vyombo vya presha vyenye hatari kubwa zaidi lazima chombo huru kihusike. Agizo la mashine la mwaka 2006 limewekewa mrithi, kanuni ya 2023/1230, ambayo tarehe yake ya kuanza kutumika kikamilifu ilipangwa 20 Januari 2027. Anayefikiria soko la Ulaya asisome vitabu vya zamani.

Nusu ya malalamiko niliyosema ni kweli ni hii: gharama. Kupima aina moja ya mtambo kunagharimu karibu sawa, uwe utauza miwili au elfu mbili. Kiwanda kikubwa kinaigawa gharama hiyo, cha pale karakana haigawanyiki. Chama cha Manchester kililitatua kwa ada ya pamoja na mkaguzi wa pamoja. Karakana zetu hazijafanya hivyo, kila mmoja anahangaika peke yake mlangoni kwa mpimaji.

Siku za mwisho

Fairbairn alikuwa rais wa chama cha Uingereza cha kuendeleza sayansi kilipokutana Manchester mwaka 1861. Mwaka huo huo alipewa heshima ya kuitwa Sir, akaikataa. Mwaka 1869 alipewa kubwa zaidi, akaipokea. Alifariki tarehe 18 Agosti 1874 huko Moor Park, Surrey, akiwa na miaka 85, na maelfu ya watu walijitokeza alipozikwa Prestwich, karibu na Manchester. Kiwanda chake hakikudumu sana baada yake. Chama cha ukaguzi kilidumu.

Haya yote niliyasimulia huku kahawa ikipoa. Mwenye karakana alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: kwa nini wanapima kwa maji na si kwa mvuke au hewa. Nikamweleza kwamba maji hayabanwi. Chombo kikipasuka kikiwa kimejaa maji baridi, maji yanamwagika sakafuni na presha inakwisha papo hapo. Kikipasuka kikiwa na hewa au mvuke, vipande vinaruka. Kwa hiyo wanakijaza maji, wanapandisha presha zaidi ya ile ya kazi, kwa kawaida kama mara moja na nusu, wanatazama geji na wanatafuta jasho kwenye maungio.

Akaomba ruhusa kwa kijana wa kaunta, akazunguka nyuma, akakipiga picha kibati. Njiani kurudi kwenye mzunguko wa Convention Centre alikuwa akiihesabu kwa sauti mistari iliyomo: jina, namba, mwaka, presha. Mwaka, alisema, anao. Namba hajawahi kuzipa mashine zake, ataanzia na moja.